Kabla ya kitengo, macho na masikio

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: mtoto wa darasa la kwanza anayeachwa nyuma na wenzake asubiriwe hadi lini ndipo apelekwe kitengo cha elimu maalumu?

Asisubiriwe hata muhula mmoja, wala asikimbiziwe kitengo. Katikati hapo kuna kazi ya wiki sita ambayo mwalimu wa darasa anaiweza mwenyewe, na ndiyo tunayoiruka mno huku Kasulu. Mtoto hajibu, anaitwa mzito. Muhula wa pili ameshahamishiwa kitengo, kumbe haoni ubaoni.

Macho yatangulie. Chukua karatasi ngumu nyeupe, chora mraba wenye milimita 17.5 kila upande, uugawe katika mistari mitano ya milimita 3.5. Paka wino mweusi mstari wa kwanza, wa tatu na wa tano, kisha uti mmoja wa pembeni wenye unene huohuo. Umepata herufi E. Pima mita 6 kivulini nje ya darasa, mwanga uangukie kadi, usitokee nyuma yake. Mtoto hahitaji kujua kusoma: anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Geuza kadi mara tano kwa kila jicho. Akikosa mara mbili au zaidi, rudia siku nyingine. Akikosa tena, aende kituo cha afya na karatasi uliyoandika matokeo mkononi.

Kinachoharibu kipimo hiki ni mkono wa mtoto. Akifunika jicho kwa vidole, atachungulia. Akilibonyeza, litaona ukungu likifunuliwa, nawe utaandika tatizo ambalo halipo. Afunike kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kugusa jicho. Wanaosubiri zamu wakae mbali, maana wataambiana majibu, tena kwa upendo kabisa.

Mtoto mwenye ualbino hana haja ya kusubiri kadi ili asaidiwe. Karibu wote wana uoni hafifu. Akae mbele lakini asielekee dirishani, aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao, avae kofia hata mstarini asubuhi, na daftari lake lipigwe mistari mizito kwa kalamu nyeusi.

Masikio nayo yana kipimo chepesi. Simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja ili asione midomo yako. Yeye azibe sikio la pili kwa kidole. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno matatu anayoyajua: kuku, ndizi, mpira. Asipoyarudia yote, mpe mengine matatu. Akipata angalau matatu kati ya sita, sikio hilo limepita. Usifanye hivyo wakati darasa la jirani linaimba jedwali. Ukiona usaha, usingoje kipimo. Usaha uliotoka siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, na unapunguza usikivu kidogokidogo bila mtoto kulalamika. Kituo cha afya kitamfundisha mzazi kukausha sikio kwa kitambaa safi kinachonyonya maji, kilichosokotwa, mara tatu kwa siku. Njiti za kiberiti na mafuta ya moto visiguse sikio.

Baada ya hapo njoo kwenye lugha, na hapa ndipo tunapokosea zaidi mkoani Kigoma. Mtoto aliyelelewa kwa Kiha tupu anafika shuleni na kupewa agizo la Kiswahili: "Chukua daftari, uliweke mezani, kisha ukae." Anaduwaa. Mwambie jambo hilohilo kwa Kiha, au mwombe mwanafunzi mwenzake amwambie. Akitimiza hatua zote tatu, huyo ana akili timamu na anahitaji Kiswahili. Asipotimiza hata kwa Kiha, sasa una jambo la kufuatilia.

Ongea na mama yake faraghani, si mbele ya kikao cha wazazi. Uliza alitembea na kusema akiwa na umri gani, na kama aliwahi kupata degedege au kulazwa kwa malaria iliyompanda kichwani. Kwa mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, yenye malaria nyingi, swali hilo si la kupita juujuu: malaria kali inaweza kuacha kifafa, uziwi au ugumu wa kujifunza. Uliza pia kama msimu wa kilimo huwa anahamia shambani na familia. Mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo anaweza kuonekana hajui kusoma, wakati kilichokosekana ni siku za kuwa darasani.

Wakati huohuo msaada uwe umeshaanza. Dakika 15 kila siku, watoto watatu au wanne, silabi tano tu kwa wiki, visoda kumi vya kuhesabia. Agizo moja kwa wakati mmoja. Kila siku andika mstari mmoja: tarehe, ulichofanya, kilichotokea. "Ni mvivu" haimsaidii mtu yeyote. "Amechanganya b na d katika maneno saba kati ya kumi" inamwambia mwalimu wa elimu maalumu aanzie wapi.

Mtoto kiziwi ndiye asiyetakiwa kungojewa wiki hizo sita. Shule ya Viziwi Tabora ipo tangu 1963, na reli inafika, lakini wapo wanaopelekwa shule za namna hiyo wakiwa na miaka tisa au kumi bila lugha yoyote kichwani. Lugha ya alama inataka ianze mapema kuliko kusoma.

Kumbukumbu zako za kila siku zina faida hadi kwenye mitihani. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, lakini lazima shule iwe imemtambua mtoto na kumsajili hivyo. Na kwa kuwa mwalimu akihamishwa daftari lake huondoka naye, zitengenezwe nakala mbili: moja ibaki kwa mwalimu mkuu, nyingine aichukue mzazi.

Mwalimu wa elimu maalumu, Kasulu