Fundi Anajibu: Usukani Mrefu Unataka Nyaya Zake

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva bodaboda hapa Uyole, naendesha Boxer yenye breki ya mbele ya waya. Mimi ni mrefu, naendesha nimeinama, ikifika jioni mgongo na mabega hayafai. Nimeona usukani mrefu Mwanjelwa, umezidi wangu kama sentimita 12. Fundi wa kijiweni kasema nyaya zitafika tu, nisipoteze hela. Ni kweli?
– Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mgongo. Hiyo "zitafika tu" usiikubali hata kidogo. Usukani ukiwa umenyooka, waya unafika kweli. Shida inakuja ukikata kona. Waya wa mafuta ukiwa mfupi unavutwa na usukani wenyewe, kabureta inafunguka wala hujagusa kitu, na pikipiki inaruka mbele. Hebu fikiria hilo likupate kwenye kona za barabara ya Chunya, una abiria na gunia nyuma. Waya wa klachi nao ukikaza, klachi haishiki yote. Pleti zinateleza mpaka zinaungua, na wewe ukipanda Mlima Nyoka utadhani injini imechoka. Wa breki ukikaza, breki inashika muda wote.

Kabla hujanunua, pima kipenyo cha usukani pale unapobanwa. Pikipiki nyingi hizi ndogo ni milimita 22. Ukiwa mwembamba kuliko vishikio vinavyoubana, usikubali kuzungushiwa kipande cha kopo ili ubane. Na kama umerefushwa kwa kuchomelea bomba, uache hukohuko dukani. Palipochomelewa ndipo panapokatika, tena ukiwa umeuegemea kwa uzito wako wote. Hapo sina mjadala.

Halafu, sentimita 12 mimi naziona nyingi. Mikono ikikaribia kulingana na mabega, damu inashuka na vidole vinakufa ganzi, na baridi ya Uyole ya Juni na Julai unaijua. Anza na tano au sita. Kama unahitaji mbili tatu tu, tafuta vipandishio vya kuweka chini ya usukani uleule wa zamani. Mara nyingi nyaya zako zitatosha, ila bado uzikague.

Ukiamua kubadilisha, funga usukani kwanza bila nyaya. Vaa lile koti lako zito la kazini, kaa kama unavyokaa na abiria, weka pembe inayokupendeza, kisha kaza. Sasa chukua uzi. Uanzie kwenye mkono wa klachi, uufuatishe njia ya waya nyuma ya taa na pembeni mwa tangi mpaka unapoishia kwenye injini. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, uone upande gani unadai uzi mrefu zaidi. Urefu huo ndio wako. Usijumlishe tu kimo cha usukani, maana usukani mrefu mara nyingi unarudi pia nyuma, kuja kwako. Fanya hivyo kwa kila waya.

Kwa anayekutengenezea waya, nenda na ule wa zamani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ganda la nje likiongezwa sentimita nane, waya wa ndani nao uongezwe nane zilezile, ili kipande kinachochungulia nje ya ganda kibaki sawasawa na cha zamani. Kikipungua, waya hautalegea hata ukirekebisha nati mpaka mwisho. Kikizidi, hautavuta vya kutosha. Mwambie atawanye nyuzi za waya ndani ya kichwa kabla ya kumimina risasi. Bila hivyo kichwa kitachomoka. Wala usirefushe kupita kiasi, kwa sababu waya uliojikunja unakuwa mzito mkononi na unanasa kwenye taa.

Ukimaliza, washa injini ingurume taratibu, geuza usukani huku na huku mpaka mwisho. Mlio ukibadilika, usitoke. Mkono wa klachi uwe na mchezo, yaani ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta, wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, wa mafuta 2 hadi 6. Nyaya za honi na indiketa zikipungua, zirefushwe kwa kuchomelea risasi na kufunikwa vizuri. Mvua za huku hazivumilii waya wa kusokota na kufunga nailoni.

SWALI: Yangu ina breki ya disiki. Tangu fundi aniwekee usukani mrefu na mpira mpya wa breki, mkono wa breki unazama kama sponji. Nashuka kila siku kutoka mjini kwenda Ipogolo.
– Msomaji, Iringa

JIBU: Mpira umeingia hewa. Leo usishuke nayo, ndugu yangu. Fundi atoe hewa mpaka mkono uwe mgumu, kwa mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo pale kwenye usukani. Kikopo chenyewe akiweke sawa, kisiinamie upande. Usukani mrefu hukigeuza. Muulize kama aliweka washa mpya za shaba (pete bapa za kuzuia mafuta yasivuje) kwenye viungio vya mpira. Kama alirudishia za zamani, azitoe zote, aweke mpya na kutoa hewa tena, kisha ukamate breki kwa nguvu huku mnatazama kama kuna unyevu wowote kwenye viungio.