Barua kwa mwanangu: kuridhika na siku ya leo

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umeniuliza mtu huridhikaje na leo, ilhali hoteli imewarudisha nyumbani mpaka msimu wa wageni, kodi ya chumba hapo Malindi inakaribia, na uliosoma nao wanaezeka nyumba zao. Ukaongeza: kuridhika si kukata tamaa kwa jina la dini? Sivyo, mwanangu.

Soma Wafilipi 4:11-13. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na anasema amejua kushiba na kuona njaa, na kwamba kuwa radhi amejifunza. Hata mtume hakushukiwa nako siku ya ubatizo. Basi usijilaumu kwamba bado hujafika.

Kisha soma habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, Kutoka sura ya 16. Kila mtu aliokota pishi moja kwa siku. Waliobakiza ya kesho waliikuta asubuhi ina mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliambiwa waokote pishi mbili, na ile ya akiba haikuoza. Wengi husoma nusu ya kwanza tu, wakadhani kuweka akiba ni kukosa imani. Desemba wageni wakijaa, tenga hela ya kodi ya miezi ya masika. Hiyo ndiyo pishi ya siku ya sita. Kukesha mwezi Mei ukihesabu kodi ya Agosti, hiyo ndiyo inayoingia mabuu.

Sasa namna ya kujizoeza. Mmisionari Francis Xavier, aliyepita hapo hapo Malindi mwaka 1542 akielekea Goa huko India, alikuwa mwenzake Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliyefundisha kuichunguza siku kwa hatua tano. Tenga dakika 15 usiku. Kaa kwenye kiti, maana kitandani usingizi utakuwahi. Simu iweke mbali mapema. Ukitoka kutazama picha za nyumba za watu, moyo utakaa kupima tu.

Kwanza shukuru, na utaje vitu vyenyewe: mahamri na mbaazi za asubuhi, jirani aliyekuchotea maji, kusi iliyopoza chumba. Kaa sana hapa. "Asante kwa yote" hutamkwa upesi na haimgusi mtu. Pili omba mwanga wa Roho Mtakatifu. Tatu ipitie siku saa kwa saa tangu ulipoamka: wapi ulikuwa na amani, wapi kijicho kilikuingia, na nini kilikitangulia. Mara nyingi utakuta ni njaa, usingizi mchache, au maongezi fulani ya kwenye simu. Nne omba msamaha, kwa ufupi. Wanaong'ang'ania hapa hugeuza sala kuwa kesi dhidi yao wenyewe, na baada ya siku chache wanaiacha. Tano itazame kesho, chagua jambo moja la kufanya, kisha sali Baba Yetu polepole, utulie kidogo kwenye "utupe leo".

Siku ikiwa chungu, mwambie Mungu hivyo hivyo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza, hata lini? Wala kuridhika hakukukatazi kudai mshahara wako uliobaki. Kaudai, kwa heshima na kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Ukikosa usiku mmoja, usijaribu kufanya za siku mbili kwa pamoja. Chukua ya siku hiyo tu.

Mama yako