Mume wangu alitamka shahada chini ya panga: je, amemkana Kristo?

SWALI

Baba mchungaji, Bwana asifiwe. Sisi ni watu wa Beni, Kivu Kaskazini, Kongo. Mwaka juzi tulikuwa tunavuna kakao, watu wa ADF, wale waasi wanaoua kwa jina la Uislamu, wakatoka msituni. Walimchukua bwana yangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Majirani wawili waliokataa kugeuza dini walikatwa mapanga pale pale, yeye akiona. Yeye alitamka shahada, yale maneno ya kuingia Uislamu. Wakampa jina jingine, akabeba mizigo yao miezi saba, akisali nao. Siku jeshi liliposhambulia kambi yao alitoroka, mtoto akabaki. Sasa wazee wa kanisa wamemzuia Meza ya Bwana. Wanasema amemkana Kristo mbele ya watu, na akitaka kurudi abatizwe upya mbele ya kusanyiko. Jumapili anakaa nje kwenye benchi, kofia mkononi, mpaka ibada iishe. Usiku, akiwa usingizini, yale maneno ya Kiarabu yanamtoka, nami naogopa. Je, amepotea? Na mtoto wangu aliye huko, naye amepotea?

JIBU

Mama, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilikwama pale penye kofia mkononi. Nianze na jibu lenyewe, maana hukuniandikia ili nikuzungushe. Mumeo hajapotea. Yale maneno aliporwa, kama mlivyoporwa kakao yenu, na aliyepora ndiye atakayeulizwa na Mungu. Kumzuia Meza ya Bwana ni kosa. Kumbatiza upya ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa Paulo anasema "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja," na ubatizo haufutwi na mtu mwenye panga. Mtoto nitamfikia mwishoni. Najua ndiye hasa aliyekufanya uandike.

Wazee wenu sitawatukana. Ni watu waliozika sana. Tangu 2014 wilaya ya Beni haijapumzika na mauaji. Kasindi, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka watu wakiwa kanisani. Komanda, jirani huko Ituri, usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, wauaji waliwakuta waumini kwenye mkesha wakaua zaidi ya 40. Mtu aliyemzika ndugu yake kwa sababu alikataa kugeuka, kisha akamwona jirani aliyekubali amerudi hai, anaumia mahali ambapo maneno hayafiki. Anajiuliza kama ndugu yake alikufa bure. Hapana, hakufa bure, na taji lake halipungui hata kidogo kwa sababu mumeo anapumua. Lakini hatuwezi kuwaenzi waliokufa kwa kumwadhibu aliyesalimika.

Sasa andiko wanaloshika. Mathayo 10:33: "Bali mtu ye yote atakayenikana mbele ya watu, nami nitamkana mbele za Baba yangu aliye mbinguni." Ni neno la Bwana wetu, na mimi silipunguzi makali. Ila yeye aliyelisema ndiye anayejua maana yake kuliko mhubiri yeyote, na Injili hiyo hiyo, sura ya 26, inatuonyesha mtu akilivunja mara tatu usiku mmoja. Petro hakuwekewa panga shingoni. Aliulizwa na kijakazi. Hakuwa amemwona jirani akikatwa mbele yake. Alikuwa uani, akiota moto. Na hakutamka tu: "akaanza kulaani na kuapa akisema, Simjui mtu huyu." Kama Mathayo 10:33 ina maana wanayoipa wazee wenu, basi Petro alikwisha usiku ule, na Kanisa halina haki ya kusoma nyaraka zake.

Bwana alifanya nini? Kabla ya kukanwa alikuwa amekwisha kumwombea: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Asubuhi ya ufufuo malaika anawaambia wanawake wakawaambie wanafunzi wake "na Petro", kwa jina, asije akadhani ameachwa. Kisha kule pwani. Yohana anaandika kwamba Petro alikana penye moto wa makaa, na anaandika kwamba Yesu alimngojea ufuoni penye moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Alimlisha kwanza. Ndipo akamwuliza, mara tatu, kama anampenda, akamkabidhi kondoo. Hapo hakuna ubatizo wa pili, wala benchi la nje.

Kumkana Kristo mbele ya watu ni kumwacha huku njia ya kubaki naye iko wazi. Ni yule aliyemwacha ili apate cheo, aliyeona aibu kutaja jina lake mbele ya wakubwa, aliyekwenda kwa mganga huku Biblia iko mezani. Hao tunao, tena wengi, na tunawapa viti vya mbele. Nawaomba wazee wenu wajiulize kwa nini ukali wetu umewarukia hao wote ukaenda kumwangukia mkulima aliyetekwa akiwa na mtoto wake.

Najua watafungua pia Waebrania 6, juu ya walioanguka kwamba haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu. Mbona mumeo anatubu? Anayekaa nje kila Jumapili, jua au mvua, ili tu asikie wimbo ukiimbwa, huyo ndiye aliyemwacha Mungu? Sura ya 10 ya waraka huo huo inasema ni "tukifanya dhambi kusudi", na sura ya 4 inatukumbusha kwamba kuhani wetu mkuu anaweza kuchukuana nasi katika udhaifu wetu.

Jambo hili si geni kwa Kanisa, Mama. Lilishaamuliwa, tena na watu ambao wenyewe walikuwa wanawindwa. Mwaka 250 Kaisari Dekio aliamuru raia wote wa Dola ya Rumi watoe dhabihu kwa miungu mbele ya maofisa na kupewa cheti. Makumi ya vyeti hivyo vimechimbuliwa Misri, vya papiro, vina jina la mtu na ushuhuda kwamba ametoa sadaka na kuonja nyama. Wakristo wengi walianguka. Wengine walikimbilia sokoni kutoa dhabihu kabla hata ya kuitwa, wengine walinunua cheti kwa fedha, wengine walivunjika baada ya mateso. Mateso yalipotulia wakataka kurudi, na Kanisa likagawanyika vibaya. Huko Rumi Novasiano akasema hapana, hakuna mlango. Ukali wa wazee wenu unafanana na wake, ingawa nadhani hawajawahi kumsikia.

Sipriani, askofu wa Karthago (Tunisia ya leo), hakuwa mtu laini. Aliwakemea vikali waliokimbilia sokoni. Ila aliwatenganisha na wale ambao mwili uliwashinda huku moyo umekataa, akawataja Kasto na Emilio, walioshindwa mara ya kwanza katika mateso, kisha wakakamatwa tena na safari hiyo wakachomwa moto bila kumwacha Kristo. Mwaka 252 au 253, fununu za mateso mapya ziliposikika, yeye na maaskofu wenzake waliamua kuwarudisha wote waliokuwa wanatubu, mara moja, bila kungoja muda wao utimie. Hoja yao nawaomba wazee waisome polepole. Walisema, tutawafundishaje watu kumwaga damu yao kwa ajili ya Kristo ikiwa tunawanyima damu ya Kristo kikombeni? Na Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Hakuwa anaandika akiwa mahali salama.

Beni bado si salama. Panga linaweza kurudi shambani wiki ijayo. Ni hapo basi ambapo mtu anahitaji Meza.

Miaka hamsini baadaye, mwaka 306, askofu Petro wa Aleksandria aliulizwa swali hilo hilo. Walioteswa sana hadi wakashindwa, na ambao walikuwa wamelia miaka mitatu, aliwaongezea siku arobaini tu. Mumeo amelia kwa muda gani sasa?

Tena wako wale wa Japani. Serikali yao ilipiga marufuku Ukristo mwaka 1614, na huko Nagasaki ikawa kila mwaka watu wanaletewa picha ya Yesu au ya mama yake waikanyage, ionekane wao si Wakristo. Wengi waliokataa waliuawa. Wengi waliikanyaga, wakarudi nyumbani wakafunga milango, wakasali sala ya toba. Waliishi hivyo zaidi ya miaka mia mbili, hawana padri, wakibatizana wenyewe na kuwafundisha watoto sala kwa kunong'ona. Tarehe 17 Machi 1865 kikundi chao kiliingia katika kanisa la Oura, Nagasaki, wakamwendea padri Mfaransa, Petitjean, wakamwambia kwa sauti ya chini kwamba mioyo yao ni kama moyo wake. Hao walikuwa uzao wa watu waliokanyaga. Tukiwafuata wazee wenu, ilipaswa Petitjean awafungie mlango.

Neno moja juu ya Waislamu, kwa sababu naogopa chuki inayoweza kuota hapo kwenu. Hata kwa dini yao, wanazuoni wengi wanaona shahada iliyotolewa kwa panga haimfungi mtu. Qur'ani inasema hakuna kulazimisha katika dini, na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 106, inamwondolea lawama Mwislamu aliyelazimishwa kukana dini yake hali moyo wake umetulia katika imani. Wanazuoni wao wanaihusisha aya hiyo na Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka. Sheikh Ali Amin, imamu wa Beni aliyewapinga hadharani wauaji hawa, aliuawa kwa risasi msikitini tarehe 1 Mei 2021. Mwezi huo huo Sheikh Jamali Musa naye akauawa Mavivi, karibu na Beni. Jirani yenu Mwislamu naye analala akisikiliza nje kama ninyi.

Sasa usiku. Maneno yanayomtoka usingizini si pepo, na tafadhali usiruhusu mtu yeyote aje kumkemea mumeo kitandani. Miezi saba ulimi wake uliambiwa kwamba ukikosea neno utakufa, wewe na mwanao. Ulimi umejifunza kwa hofu, na hofu haitoki kwa siku moja. Akianza, usimtikise. Mwite taratibu kwa jina lake, lile mlilokuwa mkiitana nyumbani, umwambie yuko wapi na nani yuko naye. Mchana muimbe pamoja wimbo mmoja wa Kinande, lugha yenu, alioujua tangu utoto, hata kama mwanzoni utaimba peke yako. Kama kuna kituo cha afya chenye watu wanaowasaidia waliotoka utekwani kuzungumza yaliyowapata, mpeleke. Hilo halipunguzi maombi. Na asilazimishwe kusimama mbele ya kusanyiko kusimulia. Alishalazimishwa kusema vya kutosha. Akitaka kuungama kwa Mungu lile analoliona moyoni kuwa dhambi, amwite mchungaji na mzee mmoja, wakae chini, wamsikilize hadi mwisho bila kumkatiza, wamtangazie ondoleo, na Jumapili inayofuata ale na ndugu zake.

Wazee nawaomba jambo la kuanzia, rahisi. Jumapili hii mmoja wenu atoke, akaketi naye kwenye lile benchi. Asihubiri. Wimbo wa Meza utakapoanza, ainuke naye waingie wote wawili.

Na mtoto. Mama, mtoto wa miaka kumi na mmoja hakuchagua msitu. Jina walilompa halijui jina ambalo Mungu alimwita nalo kabla hajazaliwa. Wakimfundisha sala zao atazisali, kwa sababu anataka kuishi, na mimi nataka aishi. Wakimpa silaha huenda atafanya mambo ambayo siku akirudi yatakuwa mazito kuliko shahada ya baba yake, na siku hiyo kijiji kitamwogopa. Ndiyo maana namna kanisa lenu linavyompokea baba leo inanihusu sana. Mtoto akipata upenyo wa kutoroka atajiuliza huko nyumbani watamfanyaje. Afadhali asikie, hata kwa uvumi wa msituni, kwamba baba yake aliingizwa ndani akapewa mkate.

Sahani yake uiache mahali pake. Na unitumie jina lake, lile mlilompa ninyi. Kwetu hapa Tanzania tunawaombea waliotekwa kila Jumatano jioni, tukiwataja mmoja mmoja, nami nitalisoma kwa sauti.