Kanilipia likizo, lakini jiko tunakwenda nalo

*Somo, shikamoo. Nina miaka 41, nauguza wazee hapa Wolverhampton, Uingereza, zamu za usiku. Mwezi ujao tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Mume wangu kanishtukiza: kalipa pauni 460, usiku nne katika kijumba cha kale mjini Ludlow, Ijumaa hadi Jumanne, sisi wawili tu, watoto wabaki kwa mdogo wangu. Nilifurahi mpaka niliposoma ujumbe wa mwenye nyumba: hakuna mpishi, hakuna chai ya asubuhi, mnajipikia wenyewe. Somo, mimi napika siku saba kwa wiki. Hii ni likizo au ni kuhamisha jiko? Na juu yake kaniambia nisisahau ile sufuria yetu ya Chumbageni, kule Tanga. Enzi hizo tulikuwa na chumba kimoja, mimba ya kwanza inanitesa, harufu ya kitunguu tu natapika, ndiyo sufuria aliyokuwa akinipikia uji. Sasa anataka niibebe likizoni! Nimenuna, hii wiki ya pili. Mama mkwe naye kasikia, anasema pesa hiyo ingeezeka nyumba ya Muheza. Nikatae safari?*
*Mchovu wa Jiko*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa miaka 15.

La mabati nilitoe njiani kwanza. Pesa imeshalipwa, na hizi nyumba za kupangisha, ukighairi siku zimekaribia, mara nyingi hurudishiwi yote. Mkighairi, mama mkwe hapati mabati na nyie Ludlow hamuioni. Paa la Muheza lina haki yake, likalieni kitako mwezi mwingine. Na huyo aliyempelekea mama bei ya safari yenu, mwambieni apunguze mdomo.

Sasa sufuria. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika hapo nasimama. Mume kasema sufuria ije. Hakusema nani atashika mwiko. Hilo umeliongeza wewe, na sikulaumu, maana mwanamke anayepika siku saba akisikia "sufuria" anasikia "inuka". Lakini sufuria hiyo, kwa maneno yako mwenyewe, mpishi wake alikuwa yeye. Mtu anayetaka kukutumikisha angekuagiza mbuzi ya kukunia nazi, blenda, na kilo tano za mchele. Huyu kataja kitu kimoja, na katika vyombo vyote vya nyumba yako kachagua kile alichokuhudumia nacho ulipokuwa hujiwezi.

Naweza kuwa nimemsingizia wema. Wapo wanaume wanaotaja sufuria ya zamani kwa sababu wali wake haushiki chini, basi. Ndiyo maana nakushangaa: wiki mbili umenuna, na swali la maneno matatu hujamuuliza. Nani atapika huko? Usimuulize jikoni, wala asubuhi umetoka zamu miguu imevimba. Muulize mkiwa kwenye gari au mnatembea, mahali ambapo hamtazamani usoni. Halafu nyamaza umngoje. Wanaume wengi wa kwetu jibu la kwanza hulitoa vibaya, la pili ndilo lao.

Akisema "mimi", umetia tumbo joto bure. Akisema "si wewe, kwani nani?", hapo una kesi, lakini kesi yenyewe haiko Ludlow, iko hapo nyumbani kwako, na imekaa miaka. Mwambie hivi hivi: nimechoka kupika, na zawadi yako ina jiko ndani yake. Usikatae safari ili aelewe kwa kubahatisha. Mwanamume akikataliwa zawadi atakumbuka kukataliwa, la jiko halitamfikia.

Ila na mimi nikutetee hicho kijumba, maana naona unakiwazia kama hoteli iliyokosa mpishi. Hotelini, mwanangu, chai ya asubuhi ina saa yake ya kufungwa. Wewe unayelala mchana ungeikosa siku zote nne, na umeilipia. Kisha mtu atakugongea saa tano kubadilisha mashuka, ndiyo kwanza usingizi unakolea. Kwenye nyumba ya kupanga funguo mara nyingi inakaa kwenye kisanduku cha namba ukutani, mnafungua, mnajifungia, na mpaka asubuhi ya kuondoka hakuna wa kukugongea. Unaweza kuamka saa nane mchana ukanywa chai na doti yako ya kanga kiunoni. Kwa mtu wa zamu za usiku, hiyo ndiyo likizo.

Na mji wenyewe ni mji wa gulio, si shamba. Kwa treni mnabadilisha Shrewsbury tu. Ludlow imekaa juu ya kilima, mto Teme umeizunguka chini, na kileleni ipo ngome ambayo Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, walianza kuijenga mwishoni mwa karne ya 11. Uwanja ulio mbele ya lango la ngome ndio soko, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Kwa siku zenu mtalipata mara tatu, Jumapili msiitegemee. Ni kama gulio la Soni, kule Lushoto, kwa namna watu wanavyosalimiana kabla ya kuuliza bei, ila hapa hakuna anayekuita mteja kwa kelele, na kupunguziwa bei sahau.

Ndani ya ngome hiyo pana habari ya ndoa. Arthur, mrithi wa kiti cha Uingereza, alioana na Catherine wa Aragon Novemba 1501, wakaletwa kukaa pale. Aprili 1502 kijana akafa. Alikuwa na miaka 15. Umri wake wote duniani ndio umri wa ndoa yenu, nanyi mnanuniana kwa sufuria.

Nyumba za kale utazikuta zimetiwa miti, boriti nyeusi nje kwa ndani. Ipo moja ya mwaka 1619, The Feathers, mbao zake zimechongwa mpaka juu kama mlango wa Unguja. Mtu wa pwani boriti hazimtishi, sisi vyumba vyetu vya kale vilipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Tofauti ni kimo. Milango ya vijumba vile ilitengenezwa kana kwamba watu warefu hawajazaliwa. Kama mumeo ni mrefu, ngazi mwache apande mbele yako taratibu.

Haya, chakula, maana ndipo pana kidonda. Mkijipikia kama mnavyopika nyumbani, mmeumia. Usibebe viungo vya pilau. Usiloweke maharage. Fikeni Ijumaa soko bado liko wazi, nunueni mkate wa siku hiyo, jibini, mayai, matufaha, nyanya, na kitu kimoja msichokijua jina. Kama ni watu wa nyama ya halali, mji mdogo kama ule msiubahatishe, chukueni nyama yenu Wolverhampton ikiwa imeganda, iwekeni kwenye mfuko wa barafu. Ijumaa usiku kuleni mkate na mayai. Jumamosi mkale nje, mlipe, muondoke vyombo vikiwa vya mwenyewe. Jumapili mumeo na sufuria yake, uji au wali, atajua mwenyewe. Jumatatu malizieni yaliyobaki. Katika usiku nne, wako wa kupika hata mmoja siuoni, na ukinogewa ukataka kupika, pika kwa kupenda.

Samaki wa kukaanga msithubutu. Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kukaa kijumba cha aina hiyo, mji mwingine mdogo wa huko huko Uingereza. Nikanunua vibua sokoni, wamenona, nikasema niwakaange kidogo tu. Jiko liko chini ya ngazi, dari unaigusa kwa mkono. Vibua havijageuzwa upande wa pili, king'ora cha moshi kikalia. Marehemu akapanda kiti, akakipepea kwa kanga yangu, mimi nimeshikilia miguu ya kiti kisianguke, mafuta yanaruka nyuma yangu, na yeye juu huko kichwa kakigonga kwenye boriti, anacheka na machozi yanamtoka. Jirani akaja kuchungulia dirishani, mzee wa Kizungu na nguo za kulalia. Tukamkaribisha. Akala vibua viwili. Hoteli nzuri nimelala kadhaa maishani, na siwezi kukueleza nilikula nini hata moja.

Kwa hiyo nenda. Muulize swali lako kwanza, wiki hii, usingoje kwenye treni. Mwenye nyumba naye mpigieni mambo mawili: kama gari likienda litalala wapi, maana vichochoro vya kule ni vyembamba, na kama jiko la kuni la sebuleni lina kuni au mnanunua. Sufuria ifunge kwenye taulo, iweke kwenye sanduku lake yeye, aibebe mwenyewe kutoka stesheni.

Ukirudi niandikie. Nataka kujua jambo moja tu, vyombo vya Jumapili aliosha nani.