Kwa Makocha Wapya wa Timu za Mpira wa Kikapu za Vyuo: Anzeni na Ratiba ya Mitihani

Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimesimama pembeni ya kiwanja chetu cha saruji, nilimsikia kocha msaidizi, kijana mwenye bidii ambaye ninampenda kama mdogo wangu, akimwambia mchezaji wa mwaka wa pili maneno sita yaliyonikata maini: "Njoo ucheze, mwalimu nitaongea naye mimi." Sikumkemea mbele ya wanafunzi, kwa sababu niliwahi kuyasema maneno hayo hayo na ninajua yaliponifikisha. Ninyi mnaoanza kazi hii, nawaandikia kabla filimbi nyingine haijapulizwa.

1. Orodha ya wachezaji hufika mezani kwa waandika alama dakika 40 kabla ya mchezo na sahihi ya kocha dakika 10 kabla, kwa hiyo linganisha majina na namba za jezi wewe mwenyewe, maana nahodha hukumbuka namba ya kila mtu isipokuwa yake.

2. Taimauti, yaani yale mapumziko mafupi ambayo timu huyaomba katikati ya mchezo, zina hesabu. Nusu ya kwanza mnazo mbili na ya pili tatu, lakini anayezificha zote tatu hadi dakika mbili za mwisho za robo ya nne hubaki na mbili, na ubahili wake haumfaidii kitu. Sheria tunazochezea hazimruhusu mchezaji kuiomba, nayo ni rehema. Katika fainali ya vyuo vya Marekani ya mwaka 1993, Chris Webber wa Michigan aliomba taimauti ambayo timu yake haikuwa nayo, zikiwa zimebaki sekunde 11. Wakaadhibiwa kwa faulo ya kiufundi, na North Carolina wakatwaa ubingwa kwa pointi 77 kwa 71. Watu humcheka Webber mpaka leo. Mimi hujiuliza ni nani kwenye benchi aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha kila mchezaji anaijua hesabu hiyo.

3. Ruhusa ya mwanafunzi huombwa kabla. Hapa nitakaa kidogo.

Katika mwaka wangu wa tatu wa ukocha nilikuwa na mchezeshaji mmoja, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu, binti wa uhandisi, aliyeusoma ulinzi wa kanda, ule ambao kila mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, kama mtu anayesoma gazeti la jana. Tulipokuwa tunajiandaa kusafiri kwenda kwenye mashindano ya vyuo, alinijia na karatasi mkononi na kunionyesha kwamba wiki ya safari ilikuwa na majaribio mawili ya kosiweki, yaani alama za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho. Nilimwambia kwamba nitaongea na walimu wake, naye akakunja karatasi, akaamini. Nilikuwa na nia ya kweli. Jumatatu nilihangaika na jezi zilizokuwa zimekwama kwa fundi, Jumanne nikahangaika na basi, na Jumatano nilipokwenda idarani nikakuta mlango umefungwa, nikarudi nikiwa na moyo mweupe kabisa, kana kwamba kuuona mlango ni sawa na kuongea na mwalimu. Tukasafiri. Alicheza karibu kila dakika, tukashika nafasi ya tatu, tukapiga picha na medali shingoni.

Aliporudi alikuta sifuri mbili. Kosiweki yake haikufika kiwango cha kumruhusu kukaa kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho, ya masomo hayo, na kwa kuwa tayari alikuwa na karii, somo alilolibeba bila kufaulu, ya mwaka uliotangulia, mwisho wa mwaka akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Barua niliyoiandika baadaye, ndefu na yenye majuto mengi, ilipokelewa kwa adabu na kurudishwa kwa adabu hiyo hiyo. Alikuja kunikabidhi jezi ikiwa imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa, akaniamkia shikamoo kama siku zote, wala hakunilaumu kwa neno hata moja, jambo ambalo lilinifanya nishindwe kumtazama. Baba yake alinipigia simu mara moja tu, akaniuliza kwa upole kama mpira wa kikapu nao una sapu, yaani mtihani wa marudio. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Ile medali imo kwenye droo yangu, chini ya karatasi, na sijawahi kuitundika.

Tangu hapo, wiki ya kwanza ya muhula nakusanya ratiba ya kila mchezaji kabla sijagusa mpira, na barua ya ruhusa huenda kwa Mlezi wa Wanafunzi na kwa mkuu wa idara wiki mbili kabla ya safari. Sipandi basi bila nakala yenye muhuri.

4. Msione aibu kufua jezi. Kocha Pat Summitt wa Marekani alipokabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 alikuwa na miaka 22, akilipwa dola 250 kwa mwezi, akiendesha gari la timu na kufua jezi mwenyewe. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8.

5. Kila kijana mrefu atawaambia kwamba anataka kufuata njia ya Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam hadi Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili katika drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ya mwaka 2009. Msimkatishe tamaa, ila mwambieni kwamba vyuo vya huko navyo huuliza matokeo ya darasani, kisha muombeni awaonyeshe yake. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana kipindi.

6. Anayefanya mtihani siku ya mchezo aandikwe kwenye orodha hata kama hajafika, kwa sababu aliyeandikwa anaweza kuingia mchezo ukiwa umeanza. Yule wa mwaka wa pili tulimwandika hivyo Jumamosi iliyopita, baada ya mimi na yule kocha msaidizi kwenda idarani pamoja na kuambiwa kwamba jaribio haliwezi kusogezwa. Alifika robo ya pili ikiwa imebakiza dakika sita, tukiwa nyuma kwa pointi tisa, vidole vyake vikiwa na wino wa buluu. Kocha msaidizi alimwuliza kwanza jaribio lilikuwaje, ndipo akampeleka mezani kuomba mabadiliko.