Ulizeni moshi kabla ya kuandika malaria

Wadogo zangu mlioanza zamu mwezi huu, nawapenda, lakini juzi mlinichosha. Jaa limeshika moto, upepo unaleta moshi mpaka kaunta ya usajili, watu wanakohoa kwenye foleni, na mimi nafungua mafaili nasoma "malaria?", "malaria?", "homa ya mapafu?". Moshi haukuandikwa popote. Someni haya kabla ya zamu ya usiku.

1. Ulizeni: analala wapi, anapikia nini, nani mwengine nyumbani anaumwa. Watu wa chumba kimoja wakiamka wote na kichwa na kichefuchefu bila homa, fikirieni hewa waliyovuta.

2. Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu kosa hili narudi kuliona kila kundi jipya likija.

Usiku mmoja wa mvua kubwa aliletwa mama mjamzito aliyekuwa amepika kwa jiko la makaa ndani, mlango na dirisha vimefungwa. Kichwa kinamgonga, anatapika, anajibu polepole kama mtu aliyekatizwa usingizi. Intani, yaani daktari aliye mafunzoni, akamtia oksimita kidoleni: asilimia 99. Akaandika paracetamol, akamwambia, "Mama, oksijeni yako iko sawa, nenda ukapumzike." Mama alikuwa ashafika mlangoni, leso imemtoka begani na inaburura sakafuni, hana habari. Muuguzi wa zamu akaiona ile leso. "Dada, hebu keti kwanza." Kisha akamgeukia mume: "Na wewe, baba, kichwa chakuuma?" Akasema ndiyo, na mtoto waliyemwacha kwa jirani pia alikuwa ametapika.

Oksimita ya kawaida hupima kwa mwanga, na haiwezi kutenganisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye makaa na moshi. Gesi hiyo hushika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na himoglobini ya mtoto aliye tumboni huing'ang'ania zaidi. Kwa hiyo ile 99 haikuwa na maana yoyote. Tulimweka kwenye oksijeni ya barakoa yenye mfuko, mtoto akafuatwa kwa jirani, wote watatu wakalazwa. Kwa hewa ya kawaida gesi ile huchukua saa nne au tano kupungua nusu. Kwa oksijeni kamili ni kama saa moja na nusu. Yule intani alikaa kando ya kitanda mpaka adhana ya alfajiri. Leo ni daktari mzuri mno, na swali lake la kwanza kwa mgonjwa wa kichwa ni jiko.

3. Msisubiri moto uwe mkubwa. Unaofuka chini kwa chini, bila ndimi, ndio unaotoa kaboni monoksidi na chembe laini kwa wingi. Februari 9, 2014, cheche za moto wa nyika ziliangukia mgodi wa makaa ya mawe wa Hazelwood, jimbo la Victoria, Australia. Ulifuka siku 45, na nyumba za karibu za mji wa Morwell zilikuwa kama nusu kilomita tu kutoka hapo. Ushauri kwamba wakazi wa upande wa kusini wa mji walio wazee wa zaidi ya miaka 65, wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi ya moyo na mapafu wahame kwa muda ulitolewa Februari 28. Hesabuni wenyewe siku hizo, bibi yuko kitandani anavuta ule moshi. Tume ya uchunguzi ilisema ushauri ulichelewa mno, na ilipofunguliwa tena ikaona kwamba huenda moto ule ulichangia vifo vilivyoongezeka katika Bonde la Latrobe, uliko mji huo. Mimi huo uchelewaji unaniuma kama umetokea Kisauni, hapa Mombasa.

4. "Fungeni madirisha mkae ndani" ni ushauri wa nyumba zinazofungika. Nyumba ya makuti, au ya mabati yenye mwanya juu ya ukuta, haifungiki. Mwambieni bibi aende kwa binti yake Likoni au Changamwe, popote upepo haupeleki moshi, na aende leo.

5. Leso mdomoni haizuii chembe za PM2.5, zile laini mno za moshi zinazofika ndani ya mapafu. Barakoa ya N95 huzuia, ikikaza usoni vizuri. Na mzee anayesema kifua kinabana msimkimbilize kwenye nebulaiza tu, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke. Mpimeni na moyo, moshi huu haukomei mapafuni.

6. Mtoto wa pumu asiondoke na inhela peke yake. Apewe na spesa, kile chombo kinachoshika dawa ya inhela ili mtoto aivute. Spesa zikiisha, chukueni chupa ya maji ya nusu lita, toboeni kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, zibeni pembeni kwa utepe. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe, isifutwe kwa kitambaa, dawa isije ikaganda kwenye kuta za chupa. Mama abonyeze inhela mbele yenu, mtoto akivuta, kabla hajapewa ruhusa. Chupa safi ziko kwenye katoni chini ya meza ya dawa. Ukitumia ya mwisho, niambie.