Muulize Mfamasia: Vidonge vya ganzi, na ganzi inazidi

SWALI: Nina miaka 61, nina sukari na natumia metformin. Miguu inakufa ganzi, usiku nyayo zinawaka kama zimepakwa pilipili. Mwanangu aliyeko Muscat ananiletea vitamini: ya neva, "multi", zinki ya kinga na vitamini D, zote nameza kila siku. Jirani alinishauri ile ya neva niimeze asubuhi na jioni. Nimefanya hivyo, na ganzi sasa imepanda mpaka kwenye vifundo. Mkojo ni wa njano sana, kwa hiyo nadhani inayozidi inatoka. Mjukuu wa miaka 2 nampa dawa ya kuongeza damu, na binti yangu mjamzito nimemgawia "multi". Kuna ubaya? Picha za chupa nimezituma. Bi M., Tanga

JIBU: Shikamoo, mama. Ahsante kwa hizo picha. Wengi huniandikia "nameza ile chupa nyekundu", nami nabaki kubahatisha.

Nianze na ya neva. Nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo, imeandikwa vitamini B6 miligramu 200 kwa kila kidonge. Wewe unameza viwili: 400. Mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 1.5 kwa siku. Marekani kikomo cha mtu mzima ni 100. Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi 12. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu huumiza neva za hisia. Mtu huanza kusikia ganzi, kuchomwachomwa na kuwaka nyayo, yaani yale yale yaliyokupeleka kwenye chupa. Mgonjwa huongeza dozi, ganzi nayo inapanda. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, mpaka wakawa wanayumba wakitembea. Dozi zao zilikuwa kubwa kuliko yako, lakini baadaye wameonekana walioumia kwa dozi ndogo zaidi.

Mkojo usikutulize. Unjano ule ni wa vitamini B2. Na B6 nayo hutoka kwa mkojo, ila ikiwa nyingi kila siku inaziumiza neva hata hivyo.

Basi ya neva iache leo. Ganzi inaweza hata kuongezeka kidogo wiki za mwanzo, kisha ikapungua taratibu kwa miezi, kwa hiyo usikate tamaa ukairudia chupa. Ila sitaki chupa ibebe lawama zote. Sukari yenyewe huua neva za miguu, na metformin ikitumika miaka mingi hushusha vitamini B12, ambayo nayo ikipungua huleta ganzi. Metformin usiiache. Mwambie daktari wako akupime B12 na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita.

Zinki yako ni miligramu 50, kikomo ni 40. Ikizidi kwa miezi inauzuia mwili kufyonza madini ya shaba, damu inapungua na neva zinaumia tena. Iache pia.

Vitamini D ndiyo iliyonishtua. Kidonge kimoja ni yuniti 50,000! Hiyo kwa kawaida daktari huiandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kikomo cha kila siku bila usimamizi ni 4,000. Ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, mkojo wa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu. Mwenye sukari atasema "ni sukari yangu hiyo", na huku figo zinaumia. Usimeze kingine, na wiki hii upimwe kalsiamu na figo.

Mjukuu: je, alipimwa damu? Kule Pemba watoto wadogo waliwahi kupewa madini ya chuma, ndiyo hiyo dawa ya kuongeza damu, kila siku katika utafiti mkubwa, na mwaka 2003 ikabidi chuma kisitishwe, maana waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Pemba wakati ule malaria ilikuwa kali. Mtoto mwenye upungufu wa damu anahitaji chuma, lakini apimwe kwanza, malaria pamoja, na apewe dozi ya uzito wake. Na vidonge vya chuma viwekwe juu kabisa, mama. Mtoto akivimeza vingi kwa mara moja anaweza kufa.

Binti yako asitumie "multi" yako. Ina vitamini A aina ya retinoli yuniti 10,000, ndiyo kikomo chenyewe kabla hajala hata kipande cha maini, na ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Aende nayo kliniki awaonyeshe. Vidonge vyake vya chuma na foliki anavyopewa huko aendelee navyo kama kawaida.